Sikuvuka Lile Bonde

Nikiwa na miaka kama kumi na tisa hivi jino liliniuma wiki nzima, la nyuma, huku kulia chini, nikaenda soko la Alhamisi kwa mtu aliyekuwa aking'oa meno chini ya turubai. Jina lake sikumbuki. Nakumbuka koti lake: jeupe, limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alinikalisha juu ya kreti ya soda, akanifunua mdomo kama mtu anayenunua mbuzi, akashika koleo, akavuta. Jino likatoka zima, jeupe, na mizizi yake mizuri. Nikajua papo hapo kwamba silo. Lenyewe lilikuwa bado linapiga ngoma pale pembeni. Ungedhani ningesema. Sikusema. Nilimshukuru, nikashika njia ya nyumbani nikitema damu, na lile bovu likaendelea kunitesa mpaka lilipojifia lenyewe mwaka uliofuata. Watu wakiniuliza kwa nini nilinyamaza, nawaambia ni lile koti. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na mtu wa darasa la nne hufunzwa mapema kwamba mwenye nguo safi ndiye anayejua jino lipi ni bovu, hata kama mdomo ni wako.

Nikaishi hivyo. Kwenye machimbo ya mawe ya Athi River nilikubali kila nilichoambiwa na msimamizi kwa sababu alikuwa na kofia ngumu na mimi sina. Dereva wa lori la mawe alikuwa mlevi, na siku moja aliposhindwa kusimama nikaambiwa panda wewe. Nikapanda, wala sikuwa nimewahi kushika usukani. Hivyo ndivyo nilivyopata udereva, kwa kutii tu. Laisensi ilikuja baadaye sana. Na udereva ndio ulionipeleka Saudia, umri wangu umeshapita arobaini na tano, wakati wenzangu wanafikiria kurudi shambani. Nilipotoka uwanja wa ndege nikaona wanaume wote wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi. Nikajiambia, Mutinda, umekwisha. Nchi nzima imevaa koti lile.

Najua mnangoja habari za mvua. Mvua inakuja. Lakini lazima niseme kwanza kilichonifanya nishike kalamu, maana kalamu na mimi si marafiki. Mwezi uliopita nilikwenda Kinango kwenye matanga ya Mejumaa. Tulifanya kazi naye nyumba moja Riyadh, mimi dereva, yeye wa ndani, na tangu tuachane tulikuwa watu wa kupigiana simu tu, mimi nikimpigia Idi, yeye akinipigia Krismasi. Nilifika wameshamzika, wenzetu Waislamu hawangoji. Nikakaa mkekani na wanaume, nikapewa pilau. Halafu mpwa wake mmoja, kijana msomi wa sauti nzuri, akasimama kueleza maisha ya marehemu, akafika Saudia, akasema kulikuwa na mafuriko makubwa, na dereva mmoja Mkamba, huyu hapa, alilipitisha gari katikati ya mto maji yakiwa madirishani, akamwokoa shangazi pamoja na watoto wa Mwarabu. Watu wakanigeukia. Mzee mmoja akanishika bega. Mimi nikatazama sahani yangu. Ni aibu kusifiwa kwa jambo ulilolikataa. Nilipokuwa naondoka binti yake Mejumaa alinifuata mpaka barabarani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, mama hakusimulia hivyo. Tuandikie ilivyokuwa." Basi naandika. Sikuvuka. Hilo lishikeni, mengine nitayaleta taratibu.

Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili. Wa kwanza nilikaa Jeddah, nikibeba majora ya vitambaa katika duka la kaka mkubwa wa bosi wangu, kule Balad, kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii na mgongo wa mtu ndio lori. Huyo kaka nitamwita Mkubwa, maana ndivyo wote walivyomchukulia, hata ndugu zake wenye mvi. Nililala Kandara, mtaa wa huko huko Jeddah, chumba kimoja wanaume tisa, magodoro yanagusana, sufuria moja. Tulisonga ugali wa semolina, unanata kama gundi, tukiula na dagaa wa mkebe na pilipili. Kwenye ngazi za lile jengo kulikuwa na alama ya matope ukutani, usawa wa kifua changu, na wenyeji wa chumba walinieleza kwamba maji yaliwahi kufika pale. Nikawacheka. Mji hauna mto, nikawaambia, maji yatoke wapi? Mkamba mzima nilisema hivyo, mtu wa kwetu ambako mto ni mchanga mtupu miezi kumi na mtu husahau kabisa kwamba ni mto. Mwaka huo siuhesabu. Ulionifunza ni wa pili, na kama mlidhani mwaka wa kumfunza mtu huja akiwa kijana, wangu ulinikuta na mvi.

Mwaka wa pili nikapelekwa Riyadh kwa mdogo wake, huyo ndiye bosi. Nitasema haki: hakuwa mtu mbaya. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo yake, na hata ikama, ile kadi ambayo mgeni hatembei bila yake, aliniachia nakala tu, halisi akaiweka. Nilikuwa na chumba changu karibu na geti, peke yangu kwa mara ya kwanza maishani, ingawa nilikichangia na pampu ya maji iliyonguruma kila mtu alipooga. Jikoni sikuruhusiwa. Mejumaa alikuwa akinipitishia sahani dirishani, wali wa kabsa uliobaki na kuku, na siku ambazo madam, mke wa bosi, amelala, mahamri aliyoyakaanga kwa iliki na kuyaficha ndani ya mfuko wa sabuni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno. Alinicheka Kiswahili changu tangu siku ya kwanza. Akaniambia, kaka Mutinda, wewe lugha unaipiga mawe. Nami nikamwambia nimefanya kazi machimboni, ningeipiga na nini? Nilimpenda, ndiyo, acha niseme kwa kuwa hawezi tena kunicheka. Hapakuwa na zaidi ya dirisha kati yetu.

Ukutani mwa chumba changu kulikuwa na kisimu cha kuniitia, waya kutoka sebuleni, na kilikuwa kibovu: wakishamaliza kuniita hakikatiki. Kiarabu nilikuwa nimeshakiokota cha kutosha. Kwa hiyo jioni nyingi nililala nikisikiliza nyumba ya watu kama redio: watoto wakigombania chaja, madam akilalamikia vumbi, na wageni wa bosi wanapokuja, sauti za wanaume na vikombe vya kahawa. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba bosi, ambaye mimi nilimwona simba, mbele ya Mkubwa alikuwa kama mimi mbele ya lile koti.

Ijumaa nikipewa ruhusa nilikwenda Manfuha, upande wa kusini, nyumba za zamani zilizochoka, ambako Wakenya wenzangu walikuwa na chumba cha kusali kimyakimya na kula githeri. Mwenye chumba alikuwa Wafula, Mbukusu mmoja mwenye mwili, aliyemtoroka kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, miaka mitatu nyuma. Kafili akishakuripoti umetoroka, halas, basi, wewe si mtu tena kwenye kompyuta ya serikali. Wafula alikuwa akitembea kwa kubana ukuta. Aliugua tumbo akajitibu kwa tangawizi. Alitaka kurudi nyumbani na hakuweza, maana kutoka kunahitaji karatasi na sahihi ya kafili. Nilikuwa nikimsimanga. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mwanamume mwenye akili humaliza mkataba, hukunja shati lake na kuondoka kwa mlango. Mvua ilipokuja nilikuwa nimebakiza miezi miwili. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yangu yote, hiyo miezi miwili na sahihi ya bosi mwisho wake.

Sasa mvua. Ilikuwa majira yao ya kuchipua, kabla joto halijakaza. Siku ya kwanza, saa tisa mchana, ukuta wa vumbi ulisimama magharibi, rangi ya matofali, mrefu kuliko majengo, ukaja ukimeza mtaa baada ya mtaa. Taa za barabarani zikawaka zenyewe. Halafu baridi, halafu mawe. Mvua ya mawe makubwa kama ndimu, yanadunda juu ya magari kwa kelele mtu asisikie anachoambiwa. Kwetu mvua ya mawe ni kilio, unasimama mlangoni unayaangalia mahindi yako yakichanwa. Kwao ilikuwa sikukuu. Watoto wa bosi, wawili wa kiume na Rima wa miaka mitano, walitoka na bakuli kichwani kama kofia, wakayaokota. Madam akapiga vidio. Bosi alisimama uani kanzu imelowa, mikono ameiinua, anamshukuru Mungu, na machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimpenda siku hiyo. Watu wa nchi kavu tunaelewana juu ya mvua, au nilidhani hivyo.

Siku ya pili nilifanya kosa langu. Mvua haikukoma usiku kucha. Madam alikuwa kwa dada yake na Rima na Mejumaa, nikatumwa kuwaleta na lile gari jipya, jeupe, la viti vya ngozi. Njia ya kurudi inapita chini ya barabara kuu, kwenye shimo refu wanaloliita nafaki. Nilipofika nikaona maji yamelala mle ndani, yametulia, meusi, na nikasimama. Sikujua kina chake. Madam akampigia bosi, bosi akaniambia kwenye spika, pita, yalla, twende, watu wote wanapita. Ni kweli basi moja lilikuwa limetoka kupita mbele yangu. Nikalifuata lile basi. Dereva yeyote atakwambia huo ni ujinga, basi ni refu na pumzi yake iko juu, lakini nilikuwa nimeambiwa pita na mwenye kanzu. Katikati gari likakohoa mara mbili, likafa. Maji yakaanza kuingia chini ya milango, yakafika viti, na milango haikufunguka. Madam alikuwa anapiga kelele jina la mama yake. Mejumaa hakupiga kelele. Alishusha kioo umeme ungalipo, akampandisha Rima mabegani, akatoka dirishani na baibui lake zito kama anayetoka unyagoni, akasimama maji kifuani akasema niletee mama huyu. Vijana wa Kisudani walishuka na kamba wakatutoa sote. Nyumbani bosi aliuliza kwanza, gari liko wapi. Nikaenda chumbani kwangu, nikajilaza na nguo zile zile zilizolowa. Nilikuwa nimeyaona yale maji kwa macho yangu, nikayajua, halafu nikayaweka macho yangu pembeni kwa sababu ya sauti kwenye simu. Niliapa kitandani pale, pampu inanguruma, kwamba sitafanya hivyo tena kwa mtu yeyote, awe nani. Kiapo ni rahisi ukiwa kitandani.

Siku ya tatu shule zilifungwa, simu zetu zote zikawa zinalia tahadhari kwa pamoja, nyumba ikawa kama imejaa ndege. Upepo ulibeba tangi tupu la maji kutoka paa la jirani na kulitua msikitini. Vidio ilizunguka ya mahali fulani jangwani: kamba ya upepo imening'inia kutoka mawinguni mpaka chini, nyembamba, inazunguka, inafagia mahema ya wachunga ngamia, na mtu anayerekodi anacheka kwa woga. Mejumaa alinionyesha dirishani, akasema hiyo ni ncha ya mkia wa kitu ambacho hatujaona kichwa chake. Jioni Mkubwa akafika kutoka Jeddah. Alikuwa amekuja makusudi. Kwao, mvua kubwa ikinyesha, familia hukusanya zulia, birika na mbuzi, wakaenda jangwani kuyaona maji yakitembea kwenye mabonde makavu, zile wadi, na wanaume huvuka kwa magari kwenda na kurudi ili waonekane. Ni desturi nzuri ukiiondoa hiyo sehemu ya mwisho. Nilisikia kila kitu kwenye kile kisimu kibovu. Mkubwa alikuwa anamcheka bosi. Akasema gari lako limekunywa maji mjini, kwenye shimo la barabara, kama kuku. Akasema baba yao alivuka wadi kwa punda na hakuwahi kulowa. Wengine wakacheka. Bosi akacheka pia, kicheko cha kwenye meno, na akasema, kesho mtaona. Nilijua hapo kesho ni nani atakayeonwa.

Siku ya nne jua lilitoka, anga safi kama imeoshwa na sabuni. Mkubwa na ndugu wawili walitangulia asubuhi. Madam alikataa kwenda, tangu nafaki hakutaka kuona maji hata ya kuoga. Sisi tukafuata mchana na gari kuukuu la jangwani, lile la ufunguo wa chuma, bosi mbele kando yangu, watoto watatu na Mejumaa nyuma. Saa moja na nusu ya njia. Magari yalikuwa mengi kama ya harusi, watu wametandika mazulia kwenye kila mwinuko, moshi wa nyama, watoto wanachezea madimbwi. Jangwa lilikuwa limeshaota majani madogo, kijani kama cha rangi ya kupaka. Tukafika mahali barabara inapokata bonde. Maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, maangavu, yanapita juu ya saruji. Ng'ambo, mita kama themanini, Mkubwa alikuwa ameketi zuliani na akatupungia kitambaa chake cha kichwa. Vijana na pikapu zao walikuwa wanavuka na kurudi, wanarusha maji, simu zimeinuliwa.

Nilisimamisha gari nikashuka. Bosi aliuliza kuna nini, nikasema naangalia. Kwetu, kabla ya kuvuka mto wa mchanga, unaweka mawe matatu madogo kwenye ukingo wa maji, moja linagusa, la pili hatua moja nyuma, la tatu nyuma yake, halafu unavuta pumzi. Mama zetu wanaochimba visima mtoni hufanya hivyo hata jua likiwaka, hasa jua likiwaka, maana maji ya mto wa mchanga hayatoki juu ya kichwa chako. Yanatoka kwenye mvua ya watu wengine. Nikaweka mawe yangu. La kwanza likafunikwa nikiwa bado nimeinama. Nikachota maji kiganjani: hayakuwa maangavu tena, yalikuwa na rangi ya chai, na ndani yake kinyesi cha mbuzi na vijiti vikavu, na harufu ile, harufu ya vumbi la mbali lililolowa sasa hivi. Nikatazama upande wa juu wa bonde. Juu ya magenge, mbali, kulikuwa na mstari mweusi chini ya anga, mwembamba kama wanja. Jiwe la pili lilikuwa limekwenda.

Nilirudi nikamweleza bosi, kwa adabu, na hofu zangu zote. Akacheka, akaniambia jua hilo hulioni? Simu yake ikalia, ni Mkubwa kutoka ng'ambo, kwenye spika, anauliza kama dereva anataka aletewe maziwa. Nilimwona bosi akiona haya mpaka masikioni. Akakata simu. Akatazama mbele, akasema yalla.

"Bosi, sivuki," nikasema.

Alinigeukia polepole. "Umesema nini?"

"Mvua iko kule juu. Maji yako njiani. Sivuki na hawa watoto."

Hakupandisha sauti. Ningependa kusema alifoka, ingekuwa rahisi kwangu. Aliuliza kama mwalimu. "Ikama yako anayo nani?"

"Wewe."

"Pasipoti?"

"Wewe, bosi."

"Ya kutoka, anatia sahihi nani?"

"Wewe."

"Basi, yalla."

Nikazima gari. Nikauchomoa ufunguo, nikauweka mfuko wa suruali, nikaweka na mkono wangu humo humo juu yake. Nilikuwa naogopa. Sitaki mtu asome hapa akadhani nilikuwa shujaa kama kwenye ile hotuba ya matangani. Nilimwona Wafula anavyobana ukuta. Niliiona miezi yangu miwili. Bosi akanikamata ukosi, kifungo kikaruka, akawa ananivuta mkono utoke mfukoni, tumekabana mle ndani kama watoto wanaogombea andazi, na vijana wa pikapu wakasogea kuturekodi. Ndipo nikamsikia Mejumaa nyuma, sauti ile ile ya dirishani.

"Kaka Mutinda, mlango wa watoto umefungwa huko mbele. Fungua. Mimi na hawa tunashuka."

Alisema kwa Kiswahili, kisha akakirudia kwa Kiarabu ili bosi asiseme hakusikia. Nikabonyeza. Akawashusha wote watatu, akambeba Rima, akapanda nao kwenye mwinuko bila kungoja ruhusa ya mtu. Bosi akaniachia. Nadhani hakuwahi kuona kitu kama kile, watu wawili wa nyumba yake kumkataa siku moja. Tukakaa tu mle ndani, yeye na mimi, tunahema. Sijui muda gani. Ulitosha mimi kuanza kuwaza kwamba labda nimekosea, kwamba wanja ule ni moshi wa kiwanda, na nimejitupa bure.

Halafu kukaja mlio kama lori la mawe likishusha mzigo, ila haukomi. Niliujua. Nikawasha gari nikarudi nyuma mpaka mwinukoni, hilo halikuhitaji amri. Maji yalikuja kwenye kona ya bonde, si marefu, usawa wa kiuno labda, kahawia, yamebeba miba na matairi na mlango mzima wa bati umesimama wima kama mtu anayetembea. Pikapu moja ilikuwa katikati. Iligeuzwa ubavu taratibu, kama mtu anavyogeuza sufuria, na vijana wawili wakaruka kwenye mwamba, wakashika, wakashikwa na wenzao. Pikapu ikaondoka. Mamia ya watu mwinukoni waliinuka kwenye mazulia yao. Rima akauliza litarudi lini gari la wale.

Bosi alitandika zulia mwenyewe, kazi asiyoizoea, akaweka birika, akakaa. Alimkumbatia kila mtoto. Mimi nikaurudisha ufunguo mfukoni, nikasimama kando ya gari nikijishika shati, nikijua atasema neno, na nilikuwa nimeshalitayarisha jibu, ningesema tumshukuru Mungu, yaishe, turudi nyumbani, miezi miwili ni michache. Simu yake ikalia. Ilikuwa ng'ambo, ambako bado walikuwa wanageuza nyama, wamekwama lakini salama. Mkubwa hakuuliza watoto. Alisema watu wameona. Alisema dereva amekushika mbele ya watu, vidio zinatembea, na jina hilo ni la sisi sote. Bosi akasema, kwa sauti ndogo, kwamba maji yalikuja kweli. Mkubwa akasema maji ni ya Mungu na dereva ni wako. Aombe msamaha sasa hivi, nisikie kwa masikio yangu, tusahau.

Bosi akainuka, akanijia na ile simu, akaishika mbele ya mdomo wangu. Macho yake yalikuwa yananibembeleza, nasema kweli, yalikuwa yananiomba. "Mwambie samahani," akasema. "Neno moja, halas. Hata mimi sitalisikia."

Na ni neno dogo. Nimelisema maisha yangu yote kwa watu waliokuwa wamenikanyaga mguu. Ningelisema ningekunywa kahawa ile, ningerudi chumbani kwangu na pampu yangu, ningekunja shati na kuondoka kwa mlango. Nilifungua mdomo. Nikawaona watoto watatu wakavu wamekaa zuliani wanakula tende. Nikaona kwamba nikilisema hilo neno, basi ninalisema juu yao, ninasema samahani hawakufa.

"Mafi," nikasema kwa Kiarabu kwenye simu. "Samahani hakuna."

Nikautoa ufunguo mfukoni, nikauweka zuliani kando ya birika, polepole, usije ukaonekana umetupwa. Nikavua kofia ya kazi nikaiweka hapo pia. Mejumaa alikuwa amemshika Rima mapajani. Alifungua mkoba wake, akanipa chupa ya maji na mfuko wa sabuni wenye mahamri manne, mbele ya bosi, hakuficha. Akaniambia, "Nenda, kaka. Hawa niko nao." Sikumgusa mkono, kwao si desturi. Nikaelekea barabarani, upande wa Riyadh, upande wa Manfuha, magari ya watu wenye furaha yakinipita, na kila hatua ilikuwa inanitoa kwenye kompyuta.

Nilikuwa nimekwenda kama hatua hamsini aliponiita. "Dereva!" Sikusimama. Akaita tena, akaongeza sauti, "Ewe dereva!" Halafu kukawa na kimya, na kwenye kile kimya nilimsikia mtu akitafuta neno jingine la kunishikia. Miezi kumi nimempeleka kazini, hospitali, msikitini, makaburini kwa mama yake, na jina langu lilikuwa kwenye droo yake siku zote hizo, na hakuwa nalo. Nikatembea.